Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuendesha Gari Katika Njia za Alpine Loop, Eneo la Migodi ya Kale ya San Juan, Colorado

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya dereva ambaye amezoea barabara za lami, au hata barabara za vumbi za nyumbani, lakini hajawahi kupita katika milima mirefu iliyotobolewa na wachimbaji. Yanahusu zaidi gari la kawaida la kuvuta magurudumu yote manne. Pikipiki na vigari vidogo vya milimani vina swali lake karibu na mwisho.

Alpine Loop ni nini, na iko wapi?

Ni mzunguko wa barabara za udongo na mawe wenye urefu wa takriban kilomita 105, unaounganisha miji midogo mitatu ya Lake City, Silverton na Ouray katika milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani. Sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka njia hizo ni ya serikali kuu, nazo barabara hutunzwa na serikali za kaunti. Mzunguko huo huvuka migongo miwili ya milima: Engineer Pass, wenye urefu wa mita 3,901 juu ya usawa wa bahari, na Cinnamon Pass, wenye mita 3,853. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atakumbuka kambi ya Horombo, iliyoko mita 3,720. Huku gari linakupeleka juu zaidi ya hapo, ukiwa umeketi, tena pengine chini ya saa mbili tangu uondoke mjini. Jambo hilo ni raha, na pia ndilo chanzo cha matatizo kadhaa yanayoelezwa hapa chini.

Kwa nini kuna barabara mahali kama hapa?

Hili ndilo swali ambalo kila mgeni angepaswa kuanza nalo, kwa sababu anayeelewa jibu lake huendesha kwa namna tofauti kabisa na yule aliyekuja kutafuta picha tu. Hakuna kipande cha njia hizi kilichochongwa kwa ajili ya watalii. Milima hii ilikuwa nchi ya Waute, wenyeji wa asili wa eneo hili, hadi mwaka 1873, walipotia saini Mkataba wa Brunot chini ya shinikizo la wachimbaji ambao tayari walikuwa wameshaingia bila ruhusa, nao wakapoteza eneo lote la San Juan. Mji wa Silverton ulianzishwa mwaka uliofuata. Kilichotafutwa kilikuwa dhahabu, lakini kilichopatikana kwa wingi kilikuwa fedha, risasi na zinki.

Mwamba wenye fedha ni mzito, na thamani ya kila gunia si kubwa kama ya dhahabu. Kwa hiyo mgodi uliokosa njia ya kuteremshia mawe haukuwa na maana hata kama mshipa wake wa madini ulikuwa mnono. Mwanzoni walitumia punda na nyumbu waliofungwa mizigo mgongoni, na ndiyo sababu baadhi ya vijia hupanda moja kwa moja bila huruma. Baadaye zikaja barabara za mikokoteni, ambazo kona zake zililazimika kuwa pana kiasi cha kuruhusu msafara wa wanyama kugeuka. Otto Mears, mhamiaji aliyezaliwa katika Milki ya Urusi, alijenga nyingi za barabara hizo na kuwatoza wapitaji ushuru, kisha akajenga reli. Reli ya Silverton Northern ilifika Animas Forks mwaka 1904, na sehemu ya barabara unayopita leo kati ya Eureka na Animas Forks, miji ya wachimbaji iliyohamwa, inafuata tuta la reli hiyo. Ukiona mahali ambapo mwinuko unakuwa mpole ghafla na kona zinapinda taratibu, ujue umo juu ya tuta la treni. Ukiona barabara inakatiza ubavu wa mlima na kuishia kwenye rundo la mawe ya kijivu, ujue ilikuwa ya mgodi mmoja tu, na mgodi ulipofungwa barabara nayo ikakosa kazi.

Anguko la bei ya fedha mwaka 1893 liliua migodi mingi kwa mpigo. Dhahabu ilirefusha maisha ya michache. Mgodi mkubwa wa mwisho karibu na Silverton, Sunnyside, ulifungwa mwaka 1991, kwa hiyo baadhi ya wazee wa mji huo wanazungumzia kazi yao wenyewe wanapozungumzia migodi.

Ninahitaji gari la aina gani?

Kutoka Silverton hadi Eureka, gari dogo la kawaida hufika wakati barabara ni kavu. Kuvuka migongo miwili ya mzunguko kunahitaji gari lililoinuka vya kutosha kutoka ardhini na lenye gia nzito, yaani zile gia za nguvu zinazochaguliwa kwa kijiti au kitufe cha pili, ambazo huliwezesha gari kutambaa polepole bila kulazimisha injini wala breki. Gari la mjini lenye umbo la jeep, lakini lisilo na gia hizo, linaweza kupanda siku njema. Tatizo lake ni kuteremka. Dereva hukanyaga breki mteremko mzima, breki zinapata moto, na harufu yake humfikia aliye nyuma kabla mwenye gari hajaisikia. Teremka kwa gia, na breki iwe ya kusaidia tu.

Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo ukiwa Engineer Pass umeshapoteza zaidi ya theluthi. Usishangae gari linapogoma kuchapuka. Punguza upepo wa tairi kidogo kabla ya kuingia kwenye mawe, beba pampu ya kujazia utakaporudi kwenye lami, na hakikisha tairi la akiba ni la ukubwa ule ule, kwani mawe ya huku yana ncha kali na hupasua ubavu wa tairi. Makampuni mengi ya kukodisha magari katika viwanja vya ndege hukataza magari yao kuondoka kwenye barabara zilizotengenezwa vizuri, na bima hufutika ukikiuka sharti hilo. Ni afadhali kukodi jeep katika mojawapo ya miji mitatu, ambako wenye magari wanajua yanaenda wapi.

Nianzie wapi, na nizunguke kwa upande upi?

Kwa anayekuja mara ya kwanza, ushauri wetu ni kuanzia Silverton asubuhi, kupitia Eureka na Animas Forks, kuvuka Cinnamon Pass hadi Lake City kwa chakula cha mchana, kisha kurudi kwa bonde la Henson Creek na Engineer Pass. Ukishuka upande wa magharibi wa Engineer Pass utafika kwenye njia panda. Chukua njia inayokurudisha Animas Forks, usichukue ile inayofuata Mineral Creek kuelekea Ouray. Njia ya Mineral Creek ina ngazi za mwamba na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za mzunguko huu. Wengi hujikuta humo kwa sababu tu kwenye ramani ilionekana fupi.

Tenga siku nzima. Kilomita 105 zinasikika kama safari ya saa moja na nusu, lakini huku ni saa sita au saba pamoja na kusimama, na anayejaribu kuokoa muda huishia kuharibu gari.

Ni msimu gani unaofaa?

Matingatinga huondoa theluji katika majira ya kuchipua, na Engineer Pass kwa kawaida huwa wa mwisho kufunguliwa, ndani ya Juni. Theluji ya vuli huifunga njia tena karibu na Oktoba. Julai na Agosti kuna maua ya milimani, hasa katika American Basin upande wa Cinnamon Pass, lakini ndiyo miezi ya ngurumo za mchana. Asubuhi anga ni safi kabisa, kufikia saa sita mawingu yanajikusanya, na saa nane radi inapiga juu ya migongo isiyo na mti hata mmoja. Kwa hiyo vuka sehemu za juu mapema. Ikikukuta radi ukiwa huko, baki ndani ya gari na uendeshe kushuka mlima. Septemba ina watu wachache na hali ya hewa tulivu zaidi, na sisi tungeuchagua mwezi huo kama ratiba ingeruhusu.

Animas Forks ni mahali gani, na kuna nini cha kuona?

Ni mji uliohamwa, ulioko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, umbali wa kilomita 19 kutoka Silverton. Kibanda cha kwanza kilijengwa mwaka 1873. Miaka michache baadaye palikuwa na hoteli, duka, kilabu cha pombe na posta, na kuanzia mwaka 1882 mji ulikuwa na gazeti lake. Wakazi wengi walishuka Silverton kila majira ya baridi, na waliobaki walijua wanachokabili: mwaka 1884 dhoruba ya theluji ilidumu siku 23, na watu wakachimba mahandaki ndani ya theluji ili waweze kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Fikiria wachimbaji wanaofanya kazi chini ya ardhi mchana kutwa, kisha wanarudi nyumbani kwa handaki.

Kinu kikubwa cha Gold Prince, cha kusaga mawe ya madini, kilijengwa hapo mwaka 1904 na kuacha kazi mwaka 1910. Mwaka 1917 kilibomolewa, na vifaa vyake vikapelekwa Eureka kwenda kujenga kinu kingine. Kufikia miaka ya 1920 mji ulikuwa mtupu. Nyumba kadhaa zimeimarishwa ili zisianguke, na unaruhusiwa kuingia katika zile zilizoachwa wazi. Nyumba yenye dirisha kubwa lililochomoza mbele, iliyojengwa na William Duncan mwaka 1879, ndiyo inayopigwa picha zaidi. Simama dirishani na utazame nje. Mtu aliyejenga dirisha la namna hiyo, mahali ambapo kila kioo kilipaswa kupandishwa mlimani na wanyama, hakuwa anafikiria kuondoka.

Je, ninaweza kuingia ndani ya mgodi nilioukuta wazi?

Hapana, hata hatua mbili. Colorado ina takriban mashimo 23,000 ya migodi iliyoachwa, na mengi bado hayajazibwa. Watu waliokulia Geita, Chunya au Migori huwa wanadhani wanayafahamu mashimo, kwa kuwa wameona maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na wameona matimba, yaani magogo, yanavyoshikilia kuta. Lakini duara linalofanya kazi lina watu wanaolikagua kila siku. Matimba ya huku yana miaka zaidi ya 100 ya kuoza katika unyevu, na sakafu ya mbao unayoikanyaga inaweza kuwa kifuniko cha shimo jingine linaloshuka makumi ya mita. Hewa nayo ni tatizo: mahali ambapo haizunguki, oksijeni hupungua bila harufu wala dalili, na anayemfuata mwenzake aliyeanguka huanguka pia. Kuna pia baruti za zamani zilizosahaulika, ambazo huwa hatari zaidi kadiri zinavyozeeka. Usizisogelee, na ukiziona toa taarifa kwa ofisi ya sherifu wa kaunti.

Hata mgodi uliokuwa ukifanya kazi kwa ukaguzi wote uliwahi kushangaza wataalamu. Jumapili ya tarehe 4 Juni 1978, sakafu ya ziwa dogo lililoitwa Lake Emma ilibomoka na kumwaga maji na tope lote ndani ya mgodi wa Sunnyside uliokuwa chini yake. Maji yalipita katika njia za chini ya ardhi na kutokea Gladstone, yakisukuma mashine na mbao mbele yake. Hakuna aliyekufa, kwa sababu tu ilikuwa Jumapili na hapakuwa na zamu.

Anayetaka kuona ndani ya mlima ana njia halali: karibu na Howardsville kuna mgodi wa Old Hundred, ambamo wageni huingizwa kwa kitreni wakiwa na waongozaji na kofia ngumu, na karibu na Silverton kuna kinu cha Mayflower, ambacho mitambo yake ya kusaga na kuchenjua ingalipo.

Kwa nini maji ya vijito vingine yana rangi ya chungwa?

Mwamba wa huku una paraiti nyingi, madini ya chuma na salfa. Mchimbaji anapotoboa mlima, anaruhusu hewa na maji kuyafikia madini ambayo yalikuwa yamefungiwa. Matokeo yake ni tindikali, ambayo huyeyusha metali nyingine na kuzibeba. Maji hayo yanapotoka nje, chuma hugeuka kutu na kutanda juu ya mawe. Sehemu ya hali hiyo ni ya asili na ilikuwepo kabla ya migodi, lakini migodi iliizidisha mno.

Tarehe 5 Agosti 2015, kikosi cha wakandarasi wa shirika la serikali kuu la kulinda mazingira kilikuwa kinachimba mdomoni mwa mgodi wa Gold King, juu ya Silverton, kizibo kikaachia. Takriban lita milioni 11 za maji machafu ziliingia Cement Creek, kisha mto Animas, na rangi yake ya haradali ikasafiri hadi New Mexico, Utah na ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili ambao wakulima wao walilazimika kufunga mifereji. Mwaka uliofuata eneo hilo, lenye vyanzo 48 vya uchafuzi, liliingizwa katika orodha ya serikali ya maeneo yanayohitaji usafishaji mkubwa.

Kwa msafiri maana yake ni hii: beba maji yako yote ya kunywa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali kama risasi na kadimiamu. Usiwaache watoto wacheze juu ya marundo ya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuchenjuliwa, karibu na vinu vya zamani, na usiwashe moto wala kupiga hema hapo.

Je, ninaweza kuokota kipande cha chuma au jiwe kama ukumbusho?

Misumari, chupa, makopo yenye kutu na vipande vya reli vilivyoko kwenye ardhi ya umma vinalindwa na sheria, na kuviondoa ni kosa. Zaidi ya hayo, viwanja vingi vya migodi bado ni mali binafsi hata kama vimezungukwa na ardhi ya serikali pande zote, kwa hiyo rundo la magwangala, yaani mawe yaliyotupwa na mgodi, linaloonekana halina mwenyewe kwa kawaida lina mwenye hatimiliki.

Tukikutana magari mawili mahali pembamba, nani ampishe nani?

Desturi ni kwamba anayepanda ana haki ya kuendelea na anayeteremka ndiye anayerudi nyuma, kwa sababu aliyesimama katikati ya mpando hupata shida kuondoka tena. Hata hivyo busara huitangulia desturi. Kama anayepanda ana nafasi ya kupishana mita kumi nyuma yake na anayeteremka anayo mita 200 juu, arudi aliye karibu. Msafara mrefu hupewa nafasi na gari lililo peke yake.

Kurudi nyuma juu ya genge ndiko kunakowatoa jasho wageni. Mwambie abiria mmoja ashuke, asimame upande wa ukuta wa mlima na si upande wa korongo, mahali ambapo unamwona kwenye kioo, akuongoze kama utingo anavyoongoza lori: njoo, njoo, bado, kata kushoto, nyosha, simama. Awe mmoja tu. Tumewahi kuona gari lenye abiria wanne walioshuka wote, kila mmoja akitoa maelekezo yake, na dereva akaishia kuzima injini na kuomba aachwe peke yake. Kabla ya kila kona isiyoonekana mbele, tazama juu na chini uhesabu magari yanayokuja, kisha subiri penye nafasi.

Je, urefu huu unaweza kuniletea madhara?

Unaweza. Hewa ya Engineer Pass ina takriban asilimia 62 ya mgandamizo wa hewa ya pwani. Anayetoka Houston au Mombasa leo na kuvuka mlima kesho ana uwezekano mkubwa wa kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mbaya. Lala usiku mmoja au miwili Silverton, ambayo yenyewe iko mita 2,840, kunywa maji mengi na uache pombe. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa ameketi, dawa ni kuteremka mara moja. Wajawazito, watoto wachanga na wenye maradhi ya moyo au mapafu wazungumze na daktari kwanza.

Mafuta, simu na mahitaji mengine yako wapi?

Mjini. Jaza tangi kabla ya kuondoka. Simu hazishiki katika sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo pakua ramani mapema, beba na ya karatasi, na mwachie mtu ratiba yako. Vyoo vipo Animas Forks na mahali pengine pachache. Kupita kwa gari la kawaida hakuna kiingilio.

Na pikipiki na vigari vidogo vya milimani?

Vinaruhusiwa katika mzunguko vikiwa na kibali cha jimbo, na anayeendesha lazima awe na leseni ya udereva na bima, kwani hizi ni barabara za kaunti. Silverton iliviondoa katika mitaa yake mwaka 2021 baada ya mabishano makali kuhusu kelele na vumbi, kwa hiyo viteremshie nje ya mji. Popote ulipo, usitoke nje ya njia iliyopo. Nyasi za juu ya msitu hukua kwa wiki chache tu kila mwaka, na alama ya tairi hubaki kwa miongo.

Tukimaliza Alpine Loop salama, tujaribu Imogene Pass au Black Bear Pass?

Imogene Pass, wenye mita 3,997, unaiunganisha Ouray na mji wa Telluride kupitia Camp Bird, mgodi ambao Thomas Walsh, mhamiaji kutoka Ireland, aliununua katika miaka ya 1890 na kuuuza mwaka 1902 kwa zaidi ya dola milioni 5. Mwanawe Evalyn ndiye baadaye aliyenunua almasi maarufu iitwayo Hope. Ni njia nzuri kwa dereva ambaye amevuka Engineer Pass bila kutetemeka na ambaye gari lake limeinuka vya kutosha.

Black Bear Pass ni jambo jingine. Upande wa Telluride ni wa kuteremka tu, kwa ngazi za mwamba na kona ambazo gari refu hulazimika kuzikata kwa kurudi nyuma na kwenda mbele mara kadhaa, huku mji ukionekana chini kabisa kupitia kioo cha mbele. Ukishaanza kuteremka huko hakuna pa kugeuzia, kwa hiyo uamuzi wa kwenda au kutokwenda ufanyike juu mlimani, injini ikiwa imezimwa, na kila aliyemo ndani ya gari akiwa na haki ya kusema hapana.